Elfu Sitini Walitazama Video, Tisa Wakafika

Swali la msomaji:

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mkaazi wa mtaa mmoja wa pwani ya Kenya ambao naomba usiutaje jina. Zahanati yetu ilijengewa wodi ya kina mama kujifungulia, ikakamilika hadi rangi, lakini huu ni mwaka wa pili mlango wake una kufuli, na mama akishikwa na uchungu usiku hupelekwa hospitali ya mjini kwa tuktuk. Mwezi uliopita vijana wa mtaa tulitengeneza video ya dakika 2 tukaiweka TikTok na Facebook, ikatazamwa na watu zaidi ya 60,000. Ombi tulilolianzisha mtandaoni likapata sahihi 4,300. Tukatangaza siku ya kwenda Bunge la Kaunti kulifikisha. Tulifika watu 9, na wawili kati yao ni mama yangu na shangazi yangu. Wenzangu wamevunjika moyo. Wanasema watu wa mtandaoni ni wanafiki na kwamba tumemaliza bando bure. Je, uungaji mkono wa mtandaoni huzaa vitendo kweli, au tunajidanganya?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kukaa kuandika nimeitazama video yenu mara tatu. Mwisho wake, baada ya lile kufuli lenye kutu kuonyeshwa kwa karibu na mkono wa mtu ukilitikisa, yanatokea maandishi ya manjano yanayosema: "Sambaza mpaka wahusika waione." Hilo ndilo ombi pekee mlilowapa watazamaji, nao wakalitekeleza, walisambaza. Tangazo la kwenda Bunge la Kaunti lilikuja siku tano baadaye, katika ujumbe wa mistari miwili usio na picha, usiosema watu wakutane wapi, waondoke saa ngapi wala kila mmoja abebe nini. Kwa hiyo kabla hatujawaita watu 60,000 wanafiki, tukubali kwamba waliombwa jambo moja wakalifanya, na jambo la pili hawakuombwa kwa namna ambayo mtu mwenye kazi na watoto angeweza kuitikia.

Kwa ufupi, uungaji mkono wa mtandaoni ukiachwa peke yake huzaa vitendo mara chache sana. Huzaa vitendo vikubwa pale unapokutana na mambo ambayo mtandao wenyewe hauyatengenezi: uamuzi wenye tarehe, mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye kuamua, kazi ndogo ambayo kila mmoja anaweza kuishika, na zaidi ya yote mtu unayemjua atakayekuuliza kesho mbona hukuonekana. Hili la mwisho ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu ninyi mnalo tayari na nadhani hamjalitambua.

Nianze na yale yanayowapa wenzako haki ya kukata tamaa, maana si haki kuyaficha. Mfano uliochunguzwa kwa makini kuliko mingi ni wa Darfur, magharibi mwa Sudan. Wakati vita vya huko vilipokuwa vikizungumzwa dunia nzima, kwenye Facebook kulikuwa na kundi la kuiokoa Darfur lililopata wanachama zaidi ya milioni moja. Watafiti watatu, Kevin Lewis, Kurt Gray na Jens Meierhenrich, walizifuatilia kumbukumbu za kundi hilo kwa siku 989 na kuchapisha walichokiona mwaka 2014. Zaidi ya asilimia 99 ya wanachama hawakutoa mchango wowote. Asilimia 72 hawakumwingiza hata mtu mmoja mwingine. Michango yote ikijumlishwa ilikuwa dola 90,000 na ushei, ambazo ukizigawa kwa wanachama wote unapata kiasi cha senti 8 kwa kila kichwa, na karibu kazi yote ilikuwa imefanywa na wachache mno. Kwa wengi, kujiunga kulikuwa mwanzo wa safari na mwisho wake pia.

Kwa nini mtu aishie hapo? Mwaka huohuo wa 2014 Kirk Kristofferson, Katherine White na John Peloza walitoa utafiti ambao wanafunzi wangu hupenda kuubishania. Nchini Kanada watu huvaa ua jekundu la bandia kifuani kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Watafiti waliwapa baadhi ya wapita njia ua hilo walivae waziwazi, na wengine wakawapa likiwa ndani ya bahasha. Hatua chache mbele, wote waliombwa watoe mchango wa fedha kwa ajili ya askari wastaafu. Waliokuwa na ua ndani ya bahasha walitoa zaidi kuliko waliokuwa nalo kifuani. Maelezo ya watafiti ni kwamba aliyekwisha kuonekana mbele za watu kuwa ni mtu mwema, haja yake ya kuonekana hivyo imeshatimizwa, kwa hiyo ombi la pili halimbani; bali aliyefanya jambo lake faraghani hubaki anajiuliza yeye ni mtu wa namna gani, na ombi la pili linakuwa nafasi ya kujijibu. Ukilitazama jambo hili vizuri utaona kwamba kitufe cha kusambaza ni ua la kifuani. Hakimfanyi mtu kuwa mnafiki, ila kinampa malipo yake mapema mno.

Halafu kuna lile la Kony, ambalo kwa sisi wa ukanda huu lina uchungu wa pekee. Machi 2012 shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi aliyewatesa watu wa kaskazini mwa Uganda kwa miaka mingi, na ndani ya wiki moja ikatazamwa mara milioni 100. Watazamaji walielekezwa kwamba usiku wa tarehe 20 Aprili watoke wakabandike mabango yake kila pembe ya miji yao. Usiku ulipofika, waliotoka walikuwa wachache kiasi cha kusikitisha. Lakini kinachonikaa moyoni zaidi ni kilichotokea mjini Lira, Uganda, filamu ilipoonyeshwa kwa wenyeji, watu ambao wengine wao walikuwa wamepoteza ndugu na viungo vya mwili mikononi mwa waasi hao: walikasirika hadi mawe yakarushwa na maonyesho yakavunjika. Walikuwa wamefanywa habari bila kuulizwa wanataka nini. Ninyi hamko katika kosa hilo, kwa sababu wenye shida ndio walioshika kamera, na hiyo ni mali kubwa.

Sasa nije upande wa pili, na hapa sitakwenda mbali, kwa sababu Kenya yenyewe imetupa somo ambalo nchi nyingi hazina. Aprili 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.34 kwa Kenya. Wakenya walifurika kwenye kurasa za shirika hilo na kulisihi lisitukopeshe tena, na ombi la mtandaoni la kuupinga mkopo likapata sahihi zaidi ya 200,000 katika siku chache. Mkopo ulitolewa kama ulivyopangwa. Ukilitazama tukio hilo kwa macho ya mwaka 2021 ungesema kama wanavyosema wenzako, kwamba watu walimaliza bando bure. Mimi mwenyewe nilisema hivyo darasani, na leo ninaona nilikosea nusu. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika, na wenye kuamua walikuwa Washington, mahali ambapo hakuna Mkenya anayeweza kuwanyima kura. Sahihi 200,000 hazikuwa na mlango wa kubisha. Hata hivyo hasira ile ilifundisha watu wengi msamiati wa deni, riba na masharti, na msamiati huo haukusahaulika.

Miaka mitatu baadaye ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Mkate ungetozwa VAT ya asilimia 16. Mwenye gari angelipa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Safari hii kila kitu kilikuwa na anwani. Tarehe za kusomwa kwa mswada zilijulikana, wabunge wa kuupigia kura walikuwa na majina, na namba zao za simu zikaanza kuzunguka kwenye simu za vijana, wakihimizana "kumsalimia" mheshimiwa wa jimbo lao kwa ujumbe mfupi au kumpigia moja kwa moja. Watu walichukua vifungu vya mswada na kuvieleza kwenye TikTok kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wengine wakiwa wameketi jikoni na mkate mkononi kuonyesha utakaopanda bei ni upi. Mawakili wakatoa namba za kupigiwa na watakaokamatwa. Madaktari na wauguzi wakajitolea kuhudumia watakaoumia. Aliyekuwa hawezi kwenda barabarani alikuwa na jambo la kufanya, na jambo lenyewe halikuwa la kujipamba.

Watu walitoka mara ya kwanza Nairobi tarehe 18 Juni, na siku hiyohiyo upande wa serikali ukatangaza kuondoa VAT ya mkate na ile tozo ya magari. Tarehe 20 mswada ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Tarehe 25 ulipita mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia ndani ya Bunge, na risasi zikapigwa. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia mwanzoni mwa Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu wasiopungua 39 waliokufa. Ninaiandika namba hiyo kwa uzito wote, kwa sababu kuna watu wanaozungumzia Juni 2024 kama ushindi wa alama ya reli (hashtag) na simu janja, na kila mmoja kati ya wale 39 alikuwa na mama aliyempigia simu jioni ile isipokelewe. Sikuandikii ili uwapeleke vijana wako barabarani. Jambo lenu halihitaji hivyo, na nitalirudia hilo nikifika mwisho.

Ninachotaka ukione ni tofauti ya 2021 na 2024. Wakenya hawakuwa wamebadilika tabia. Mtandao ulikuwa uleule, na hasira ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba hasira ilipata uamuzi ambao haujafanyika, watu wa kuufanya wanaofikika, na kazi za ukubwa mbalimbali. Ilipovikosa tena vitu hivyo ikapungua nguvu: tarehe 11 Desemba mwaka huohuo Rais alitia sahihi sheria ya marekebisho ya kodi iliyorudisha baadhi ya hatua zilizokuwa zimekufa pamoja na mswada wa Juni, na barabara zilikuwa tulivu. Kulinda ulichokipata ni kazi ya miezi, nayo huhitaji watu wachache wanaosoma gazeti rasmi la serikali wakati wengine wamelala. Umati haufanyi kazi hiyo, na haujawahi kuifanya popote.

Pia zipo hali ambapo kitendo cha mtandaoni ndicho kitendo chenyewe, na hapa naona wengi wanaopima mambo kwa idadi ya waliotoka nje wanapotea. Aprili 2023 mchoraji wa katuni na mhadhiri wa Uganda, Jimmy Spire Ssentongo, aliwaalika watu wa Kampala kwenye "maonyesho ya mashimo": piga picha shimo la barabara lililo karibu nawe, taja mahali, weka Twitter. Hakumwomba mtu kuandamana. Zilimiminika picha za mashimo yenye maji, mengine boda boda zikizama nusu gurudumu, kila moja na jina la barabara yake. Katika siku chache Rais Yoweri Museveni aliagiza hazina itoe shilingi za Uganda bilioni 6 kwa mamlaka ya jiji kutengeneza barabara. Fedha hizo hazikuwa za kumaliza mashimo yote ya Kampala, lakini zilitoka. Kazi iliyoombwa ilikuwa ndogo, ilifanyika kwa simu iliyo mkononi, na kilichopatikana kilikuwa ushahidi uliopangwa, shimo kwa shimo, ambao hakuna msemaji wa serikali angeweza kuukanusha. Linganisha na 2011, njaa ilipopiga kaskazini mwa Kenya na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pamoja na makampuni wakaanzisha mchango wa Kenyans for Kenya. Mtu aliguswa na picha, akafungua M-Pesa kwenye simu ileile, akatuma alichonacho. Lengo la shilingi milioni 500 lilipitwa. Umbali kati ya kuguswa na kutenda ulikuwa vitufe vichache, bila nauli na bila ruhusa ya bosi.

Umbali huo ndio mnaopaswa kuupima katika jambo lenu. Mliwataka watu waende Bunge la Kaunti siku ya kazi saa tatu asubuhi. Mwenye kibarua akikosa siku hapati ujira. Mama mwenye mimba ya miezi minane, ambaye wodi hiyo ni yake kuliko ya mtu mwingine, hawezi kusimama juani. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha jioni cha nyumba. Na iko hofu, ambayo katika nchi zetu si ya kubuni. Uganda iliwahi, kuanzia Julai 2018, kuwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kila siku. Tanzania mtandao wa X ulifungwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, intaneti ikakatwa. Na sisi Wakenya tumeshuhudia vijana wakichukuliwa majumbani kwa sababu ya maneno waliyoandika. Mtu anayesambaza video yako kisha asionekane mlangoni pa ofisi ya serikali huenda amepiga hesabu zake vizuri kuliko unavyodhani.

Na sasa nije kwa mama yako na shangazi yako. Umeandika habari zao kama mtu anayeona haya, kana kwamba wao hawahesabiki kwa sababu ni wa nyumbani. Mwaka 1964 vijana wa Kimarekani wapatao elfu moja, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, walijaza fomu za kwenda jimbo la Mississippi kuwasaidia Wamarekani weusi kujiandikisha kupiga kura. Ilikuwa kazi ya kufa na kupona. Watu watatu wa kampeni hiyo waliuawa Juni ya mwaka huohuo. Vijana wapatao 720 walikwenda, na wapatao 240 walijitoa dakika za mwisho. Miaka mingi baadaye mwanasosholojia Doug McAdam alizipata fomu hizo na kuzilinganisha. Alitarajia kukuta kwamba waliokwenda walikuwa na imani kubwa zaidi. Haikuwa hivyo, maneno ya waliokwenda na ya waliojitoa yalifanana, wote waliichukia dhuluma kwa dhati. Fomu iliwataka wataje watu ambao wangependa wajulishwe habari zao, na hapo ndipo tofauti ilipojitokeza: waliokwenda waliwataja zaidi wenzao waliokuwa nao wanakwenda. Walikuwa na rafiki wa karibu ndani ya basi.

Mama yako alikuja kwa sababu wewe ulikuwepo. Shangazi yako alikuja kwa sababu mama yako alikuwepo. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wamekuwa wakitokea kwa kila jambo zito tangu kabla ya simu, iwe harusi, msiba au kulinda ardhi ya ukoo, na ndiyo njia ambayo video yenu haikuitumia hata kidogo. Kati ya wale tisa, ni wangapi waliletwa na mtu kwa mkono, na ni wangapi walikuja kwa kuliona tangazo tu? Nina hakika unalijua jibu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kukaa na wazazi wa mji mmoja mdogo waliokuwa wakidai kivuko cha watoto kwenye barabara kuu mbele ya shule. Kundi lao la WhatsApp lilikuwa na watu 400 na zaidi, na kila aliyeandika chochote alijibiwa kwa mikono ya dua na ngumi. Mkutano wa kwanza na wahandisi ulihudhuriwa na wazazi sita. Ndipo mama mmoja muuza mahamri, ambaye katika kundi alikuwa haandiki kabisa, akanunua daftari la kurasa 96 na kulichora mistari kwa rula: jina, nyumba, mtoto yuko darasa la ngapi, anaweza nini, na safu ya mwisho aliyoiita "wake", yaani nani atakayemfuata mtu huyo mlangoni. Hakuwagusa wale 400. Aliwachukua 40 aliowajua kwa sura, kwa sababu walinunua mahamri kwake alfajiri, na kila mmoja akamuuliza swali moja tu: utakuja na nani? Mkutano wa pili walikuwa 33. Mhandisi aliyekuwa amezoea kuwaambia "tutaliangalia" alilazimika kutafutiwa kiti akae, kwa sababu maswali hayakuisha kwa saa mbili. Kivuko kilichorwa muhula uliofuata. Nimesoma vitabu vingi juu ya harakati za jamii, na sijaona kilichonieleza jambo hili vizuri kuliko safu ile ya mwisho ya daftari.

Basi nikushauri nini? Chukueni zile sahihi 4,300 mzichambue. Ombi lenu liliwataka watu waandike mahali walipo, hivyo mnaweza kujua wangapi ni wa wadi yenu. Huenda ni 300, huenda 150. Hao ndio ambao mwakilishi wa wadi atawahesabu, kwa sababu ndio wanaompigia kura. Waliotia sahihi wakiwa Muscat, Doha au Jeddah, na najua hawakosi kwa kuwa hakuna mtaa wa pwani usio na mtu Ghuba, msiwadai kufika. Waombeni wagharimie nauli ya kina mama ishirini na nakala za karatasi, kwa kiasi kilichotajwa na hesabu itakayoonyeshwa waziwazi. Waliobaki, wa Nakuru na Kisumu na kwingineko, waachieni kazi ya kusambaza. Wameshaonyesha kwamba wanaiweza.

Kisha tafuteni uamuzi wenye tarehe. Zahanati na vituo vya afya ni jukumu la serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, hivyo msipoteze pumzi mkimlilia Rais kwenye X. Swali la kwanza si kwa nini wodi imefungwa, kwa sababu hilo litajibiwa kwa hotuba. Ulizeni mambo yenye jibu la karatasi: wodi ilipokelewa kutoka kwa mkandarasi tarehe gani, wauguzi wangapi wametengewa nafasi huko, na vifaa vyake vimo katika bajeti ya mwaka gani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza hayo kwa maandishi na kumtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Inakwenda mbali zaidi: habari inayogusa uhai wa mtu inatakiwa itolewe ndani ya saa 48, nami ninaamini mama anayejifungulia ndani ya tuktuk anaingia humo. Andikeni hivyo katika barua. Siku 21 ni kipindi kizuri kwa ukurasa wenu pia, kwa sababu mtazamaji atakuwa na jambo la kurudi kuliangalia: leo ni siku ya 8, bado hatujajibiwa.

Ardhilhali yenyewe, yaani lile ombi lenu kwa Bunge la Kaunti, isipelekwe na umati. Katiba, katika Kifungu cha 37, inalinda haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuliletea Bunge la Kaunti jambo lililo chini ya mamlaka yake. Watu 9 wanatosha kabisa kuifikisha kwa karani. Umati mtauhitaji siku moja tu, siku ambayo kamati ya afya itaisikiliza, na hapo msitangaze; iteni. Kila mmoja wa wale tisa apewe majina matano ya watu anaowajua kwa sura, mama yako awe wa kwanza kuchagua, na kwa kila jina aulize lile swali la muuza mahamri. Kina mama waliojifungulia njiani, wanaokubali kusema, wakae mstari wa mbele, na wasilazimishwe kupigwa picha.

Video mtakayofuatishia iwe fupi kuliko ya kwanza. Ondoeni yale maandishi ya manjano. Mwishoni wekeni jina la kamati, tarehe, mahali pa kukutana, saa ya kuondoka, na jina la jirani wa kila eneo ambaye mtu atakwenda naye. Na mkishapeleka barua ya kuomba habari, hakikisheni mnakwenda na nakala mbili. Moja iachwe ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi nanyi nyumbani. Picha ya muhuri huo ndiyo muiweke ukurasani kabla ya video nyingine yoyote, kisha nitumie nami niione.